Nyumba Mbili kwenye Gari la Mikate

Mwezi uliopita Gervasi alinipigia simu kutoka Kasulu akaniuliza kama bado nabadilisha sponji za vitanda vya magari. Nilimjibu kwamba hiyo ni sawa na kumuuliza mama ntilie kama bado anapika ugali. Nina karakana yangu hapa Kahama, mabasi yanapanga foleni mlangoni kuvishwa viti upya, na wasichana ninaowafundisha wananiita Madamu Skola hata ninapowakaripia. Hakucheka, na Gervasi ninayemjua mimi angecheka. Alisema lile gari tulilolitengeneza pamoja zamani limesimama uani tangu walipomzika mkwe wake, Bibi Butoyi, mama mzazi wa mkewe Edita. Habari za msiba huo nilikuwa nazo. Zilinikuta nimelazwa na malaria nikashindwa kwenda kuzika, na jambo hilo limeniuma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Sasa wamejitokeza vijana wanaotembeza watalii, wanataka kulikodi, ila wanataka chumba cha nyuma kiwekwe sponji mpya na ule ubao wa katikati ung'olewe, gari lote liwe chumba kimoja. "Njoo wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeishona ile sponji, na ndiye uliyelala mle ndani." Nilipanda basi asubuhi iliyofuata. Barabara ninayoikumbuka kwa vumbi jekundu siku hizi ni lami, na kutoka Kibondo hadi Kasulu nilikaa dirishani nikitafuta mahali tulipowahi kukwama, nisipaone. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuukumbuka mwaka ule wote.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye cherehani moja ya miguu na mdomo usiokuwa na breki. Nilikuwa nimekodi pembe ya uwanja wa Gervasi nyuma ya soko la Kasulu, chini ya bati lililovuja mahali palepale kila masika. Yeye alikuwa fundi bodi. Aliyanyoosha magari yaliyopondeka, akayachomelea, akayapiga rangi, na jioni aliondoka na rangi ya gari la mwisho kwenye nyusi. Mimi nilishona viti. Edita alipika chini ya bati la pili: maharage yaliyoungwa kwa mawese, ugali wa muhogo, na siku ambazo gari la kutoka Kigoma liliwahi kufika, migebuka. Saa ya kula tulizunguka sinia moja sote watatu, na hapo ndipo nilipoijua ndoa yao vizuri kuliko walivyodhani. Gervasi alikuwa na tabia ya kumsogezea Edita minofu ya samaki huku akijifanya anatafuta miiba. Edita alijifanya haoni. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu wakati ule, na bado sijaona adabu ya mezani inayozidi ile.

Wazo la gari lilitoka kwa Wazungu wawili, mume na mke wa makamo, waliopitia Kasulu wakielekea Manyovu, mpakani na Burundi, chesisi ya gari lao ikiwa imekatika. Gervasi aliichomelea, na alipomaliza mwanamke yule akamfungulia mlango wa pembeni ili anawe mikono ndani. Alikaa humo muda mrefu mno kwa mtu anayenawa mikono. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwenye cherehani yangu. "Skola, wale watu wanaishi mle," alisema. "Kuna kitanda. Kuna jiko. Kuna kabati la vikombe, na vikombe havivunjiki." Kuanzia siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine. Haukupita muda mrefu akanunua gari bovu la mikate la Mzee Salumu, mwenye tanuri pale mjini, mtu wa asili ya Pangani aliyehamia Kasulu na mapishi yake yote. Ilikuwa Haisi ya bodi ndefu, sakafu imeliwa na kutu, ubavuni kachorwa mkate mkubwa unaotoa moshi. Mzee Salumu alilisomea dua kabla ya kulikabidhi, akatuambia kwamba harufu ya mkate haitatoka hata tukilichoma moto. Alisema kweli, kwa sababu siku za joto gari lile lilitutia njaa mpaka tukazoea.

Watu waliopita walidhani Gervasi amechanganyikiwa. Lakini sisi wa uwanjani tulijua gari lilikuwa la nani. Bibi Butoyi, aliyekuwa akiishi Kabanga, alikuwa pacha. Dada yake Bukuru, aliyemtangulia kuzaliwa, aliolewa na mtu aliyekwenda kukata mkonge, akamfuata hadi Kilosa, na huko akazalia, akazeeka, akabaki. Hawakuwa wameonana tangu wote wawili wakiwa wanawake wenye nguvu. Walikuwa na simu tu, ya mjukuu upande ule na ya Edita upande huu, na niliwahi kuwashuhudia wakiongea: walisalimiana, wakaulizana mvua, kisha wakakaa kimya kila mmoja akisikiliza mwenzake anavyohema, mpaka salio likaisha. Sasa Bukuru alikuwa haamki tena kitandani. Na Bibi Butoyi nyonga yake ilikuwa imeharibika. Alipopelekwa hospitali ya Kabanga alielezwa kwamba anaweza kulala, anaweza kutembea kidogo, lakini asikae kitako muda mrefu. Kwenye basi kutoka Kasulu hadi Kilosa mtu hukaa kitako mpaka asahau kwamba ana miguu. Ndiyo maana Gervasi alipokiona kitanda ndani ya gari, alimwona mkwe wake amelala juu yake, akisafiri.

Tulilitengeneza kwa vitu vya bei nafuu na kwa uroho mkubwa wa kutaka lipendeze. Gervasi alikata kutu yote, akachomelea sakafu mpya ya bati, akatandika plaiwudi juu yake. Kapeti la ukutani lilitoka kwenye ukumbi uliokuwa ukivunjwa. Paneli ya sola na betri vilikuwa vimetumika dukani kwa jirani. Mbao za kitanda na kabati zilitengenezwa na Papa Jeremi, seremala Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kwa kuwa yeye hakuweza kutoka kambini apendavyo, mimi ndiye niliyebeba vipimo. Nilivipima kwa kamba ya katani, nikafunga fundo kila kona, nikampelekea siku za soko. Alizinyoosha kamba zangu chini ya turubai lake akicheka. "Bon, mutoto, hii kona iko ya mulango ao ya dirisha?" aliniuliza. Nikamwambia ya mlango. "Basi weka kitambaa pale, sababu kesho mimi nitasahau." Niliweka vitambaa vya kitenge, nyekundu kwa mlango, buluu kwa dirisha, na hadi leo hivyo ndivyo ninavyopima. Aliturudishia kabati la mninga lenye vitundu vya vikombe, meza ya kukunja, na kitanda kilichoingia garini bila kupigwa randa tena. Mimi nilishona godoro la sponji nene, nikalivika kitambaa cha kijani kigumu, na mapazia ya rangi hiyohiyo. Dirisha moja tulilikata chini, usawa wa macho ya mtu aliyelala, na hilo lilikuwa wazo langu, nalisema bila aibu.

Mpango ulikuwa hivi. Bibi angelala kitandani, Edita na mimi kwenye mikeka sakafuni, Gervasi kwenye viti vya mbele, na pazia zito lingemtenga na sisi. Tuliona pazia linatosha. Kwanza lakini tulitaka kulijaribu gari, tukaenda nalo Kibondo kwa rafiki yake Gervasi, fundi mwenzake, tukiruka kwenye mawe njia nzima ili tuone nini kitaanguka. Hakikuanguka kitu. Mimi nililala ndani kwa mke wa yule rafiki, na Gervasi na Edita wakalala garini uani. Asubuhi nilipotoka na bakuli la asali tuliyopewa, nilimkuta Edita amekaa kwenye mlango wa pembeni, miguu nje, anakaanga mayai kwenye jiko dogo la gesi ndani ya gari lake mwenyewe, akicheka peke yake. Gervasi alikuwa bado amelala nyuma, mito miwili yote ameikumbatia. Tulikula mayai yale na mkate, tukauchovya kwenye asali, na ukungu wa Kibondo ulikuwa bado haujaondoka. Ninaposikia watu wakisema raha, picha inayonijia ni ile.

Siku ya kuondoka Bibi Butoyi aliletwa kutoka Kabanga amelazwa nyuma ya pikapu, na furushi lake la nguo na kikapu cha mihogo mikavu kwa ajili ya Bukuru. Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Kwa Waha wa rika lake, mama na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja, hawali chombo kimoja, wala hawatazamani usoni. Hakuna uadui ndani yake. Ni heshima, na inakwenda pande zote mbili. Wengi siku hizi wameilegeza. Bibi Butoyi hakuilegeza, na Gervasi hakuwahi kumwomba ailegeze. Walipokuwa uwanja mmoja Gervasi alimpa kisogo, na maneno yao yalipitia kwa mtu wa tatu, ambaye mara nyingi nilikuwa mimi.

"Mwakeye, Skola," alinisalimu, akijishikilia kwenye mkongojo wake.

"Mwakeye neza, bibi. Karibu uione."

Alilizunguka gari lote polepole. Akaupapasa mkate uliochorwa, ambao ulikuwa bado unaonekana chini ya rangi mpya. Kisha akaingiza kichwa mlangoni, akatazama jiko, akatazama sufuria yenye masizi, akatazama kitanda.

"Humu mmekwishalala?"

"Ndiyo, bibi. Kule Kibondo."

"Nani?"

"Kaka Gervasi na dada Edita."

"Na moto mliwasha?"

"Dada Edita alikaanga mayai."

Akatoa kichwa, akajifunga kitenge vizuri. "Oya, hapana. Basi hii ni nyumba ya mkwe wangu. Ameijenga vizuri, mwambie nimempongeza. Mimi siwezi kulala humo."

Gervasi alikuwa hatua chache kutoka pale, ameutazama ukuta wa banda, amesikia kila neno. "Mwambie ni gari tu," aliuambia ukuta.

"Anasema ni gari tu, bibi."

"Mwambie gari halina mito miwili."

Edita alianza kulia. "Mama, Bukuru anakungoja."

"Najua nani ananingoja," alisema mama yake, bila ukali. "Nilikaa naye tumboni kabla yako." Akaomba arudishwe kwenye pikapu.

Nimelifikiria kosa letu mara nyingi. Sote watatu ni watoto wa Buha, hakuna aliyehitaji kufundishwa mila. Bibi alikwishapanda pikapu ya Gervasi kwenda hospitali asione tatizo, kwa sababu pikapu ni njia tu ya kufikia mahali. Sisi tulikuwa tukisema gari, gari, huku mikono yetu ikijenga nyumba. Tungelitengeneza vibaya, bila mapazia yangu ya kijani na bila kabati la Papa Jeremi, na bila mayai ya Kibondo, pengine angelipanda. Ubora wa kazi yetu ndio uliomfungia mlango, na kwa binti wa umri wangu aliyeamini kwamba kazi nzuri humfurahisha kila mtu, hilo lilikuwa gumu kumeza.

Siku zilizofuata hatukuzunguka sinia moja tena. Gervasi alichukua chakula chake kwenye kibakuli akaenda kukaa upande wa pili wa gari, na hakuna aliyemsogezea mwenzake minofu. Mjukuu wa Kilosa alipiga simu kusema kwamba Bukuru sasa anakunywa uji tu, na kwamba anauliza gari la Butoyi limefika wapi. Edita alimjibu kwamba lipo njiani, kisha akakata simu akajifunika uso kwa kanga. Nilimkasirikia bibi yule, nakiri. Nilimwita mkaidi mbele ya binti yake, na binti yake akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Nilikuwa naona kifo kinatushinda mbio kwa sababu ya mito miwili ya sponji.

Jumapili moja Edita alinichukua twende Kabanga kumfulia mama yake. Tulikaa uani na mabeseni, na bibi alikuwa amelala chumbani karibu na dirisha, jirani yake wa miaka mingi amekuja kumtazama. Yule jirani alimuuliza kwa upole kama kweli hatakwenda. Tukaacha kufikicha nguo tusikilize.

"Nataka kwenda," tulimsikia bibi. "Kila nikilala, nalala ukingoni. Tangu utoto Bukuru analala ukutani, mimi ukingoni. Mpaka leo kitanda changu hiki ukutani hapana mtu, na siwezi kujisogeza."

"Basi panda gari la mkweo."

"Nitalala nyumbani mwake namna gani? Zamani mama akienda kukaa kwa binti yake alijengewa kibanda uani, mlango umetazama upande mwingine. Alikaa hata msimu mzima, akala, akalea wajukuu. Ua ulikuwa mmoja, na mkwe wake yupo hapohapo, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Wao wamenipa mlango mmoja na pazia."

Edita alinitazama juu ya beseni, povu hadi viwikoni. Tuliisuuza ile nguo vibaya, tukaianika, tukaondoka kabla ya chai, na bibi akalalamika dirishani kwamba wasichana wa siku hizi hawana subira.

Gervasi alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda akasimama ndani ya gari, kama alivyosimama ndani ya lile la Wazungu, akitazama kila kitu alichokipanga kwa miezi. Kugawa nafasi ile mara mbili kulikuwa na maana moja: lile kabati la mninga halikai, meza ya kukunja haikai, na kitanda kirefu kinakwenda nyuma kwa bibi, na mbele hakibaki kitu ila nafasi ya mtu kulala kwa kukunja magoti. Niliona amelishika kabati kwa mikono miwili. Kisha akaliachia. Aliokota nyundo, akaanza kung'oa misumari taratibu ili mbao zisipasuke, na Edita akaingia akawa anazipokea. Jioni hiyo ndipo nilipoacha kumwona Gervasi kuwa fundi tu.

Nilirudi kwa Papa Jeremi na kamba mpya. Alitazama vitambaa, milango miwili, akatikisa kichwa. "Bon. Kumbe munatakaka nyumba mbili. Mungesema tangu mwanzo. Kwetu pia belmeri, mama ya bibi yako, iko mutu ya kuheshimia, hapana kulala naye pamoja." Alitutengenezea ubao wa katikati wenye ngozi mbili na nafasi ya hewa ndani, ili sauti isivuke. Gervasi aliuchomelea fremu kutoka sakafuni hadi darini. Mlango wa nyuma, ule unaofunguka kwenda juu, aliuwekea kitasa cha ndani na ngazi ya chini, ukawa mlango wa bibi, umetazama upande wake. Jiko tulilitoa nje kabisa. Tungepikia chini, kama watu wa ua mmoja. Mimi nilishona godoro jipya la kijani, na mto mpya, mmoja. Na siku alipomaliza kupiga rangi ya ndani ya chumba kile, Gervasi alifunga mlango wa nyuma, akanipa ufunguo. Hakuufungua tena kwa mkono wake.

Bibi Butoyi alipoletwa mara ya pili alizunguka tena, akagonga ubao kwa mkongojo, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kulala humo. Hakuna, bibi. Moto? Hakuna. Akapanda ngazi akishikwa na binti yake, akalala, akajaribu kile kidirisha cha chini, akaona matairi ya pikipiki na miguu ya watu wa Kasulu ikipita. "Mwambie mwenye ua," aliniambia, "kwamba kibanda chake nimekikubali." Nilikwenda mbele nikamwambia Gervasi, ambaye alikuwa amesikia vizuri sana. Alishika usukani, akatazama mbele, akajifuta macho kwa shati.

Safari yenyewe ilikuwa ya polepole na nzuri. Mimi nililala katika ujia mwembamba kati ya kitanda na ubao, kwa sababu nilipotaka kupanda kitandani siku ya kwanza bibi aliniambia kwamba ukutani ni kwa mwenyewe. Kwenye matope ya huku kwetu, kabla ya Kibondo, tulikwama, tukasukumwa na watu wa mnadani. Tulilala kwenye viwanja vya makanisa na pembeni mwa vituo vya mafuta, Edita akipika nje, akichota sahani ya mama yake kwanza na kunipa niipeleke nyuma. Asubuhi Gervasi na Edita walishuka mbele wakijinyoosha magoti na kulaumiana. Bibi alinielezea nchi yote kwa miguu ya ng'ombe na mashina ya miti, maana kidirisha hakikumwonyesha zaidi, na kila tulipovuka mto aliuliza jina lake. Tulipoipita Dodoma aliacha kuuliza. Nilijua anaogopa tutamkuta amekwenda, kwa sababu nami niliogopa hivyohivyo, na nilikuwa sina tena hata chembe ya hasira juu yake.

Tulimkuta Bukuru hai. Mjukuu wake alimbeba kwa mikono akamtoa nje, mwanamke mdogo aliyekauka, mwenye uso uleule niliousafirisha kutoka Kasulu. Bibi Butoyi hakuweza kushuka haraka, hivyo Bukuru ndiye aliyeletwa hadi kwenye mlango wa nyuma. Kiha chake kilikuwa kimebaki maneno machache. Alikuwa amekaa na watu wengine muda mrefu mno. Alinusa, akasema kwa Kiswahili cha huko, "Mna mikate?" Mjukuu akamwinua akamlaza kitandani, ukingoni, karibu na mlango. Na yule mama, ambaye tulielezwa kwamba hajigeuzi mwenyewe, alijivuta kwa viwiko juu ya godoro langu la kijani, kidogo kidogo, mpaka akafika ukutani. Akatulia hapo. Bibi Butoyi akalala ukingoni. Nilishuka, nikauteremsha mlango nusu kuwazuilia jua, nikaenda kukaa mbele na wenzangu. Ubao wa Papa Jeremi ulifanya kazi yake. Siku zote tulizokaa Kilosa hatukusikia walichoambiana.

Bukuru alifariki mwaka ule ule, baada ya sisi kurudi. Bibi Butoyi alipewa habari, akashukuru kwa kuletewa, akaomba jambo moja: gari likiwa halina safari, lisimame Kabanga uani kwake ili apumzike humo mchana. Gervasi alilipeleka, mwaka baada ya mwaka. Mimi niliondoka Kasulu, nikaja Kahama, na mteja anaponiletea gari anataka kitanda, kabla sijashika kamba namuuliza nani atalala, na nani hapaswi kulala karibu yake. Wananiona mwanamke mwenye maswali mengi.

Nilipofika mwezi uliopita gari lilikuwa limerudishwa uwanjani, rangi imepauka, mkate umejitokeza tena ubavuni. Edita alinikumbatia, tukalia kidogo, tukacheka kidogo, akanirudishia ufunguo wa mlango wa nyuma niliomwachia. Gervasi, kichwa cheupe sasa, alikuwa na nyundo tayari kwa ajili ya ubao. Alisimama ubavuni, amegeukia ukuta wa banda. Nikamwambia kwamba sasa anaweza kuja tuangalie pamoja, mwenyewe hayupo. "Ingia wewe," alisema. "Mimi nitasikiliza."

Niliinua mlango wa nyuma. Chumba kilikuwa safi, kinanuka mkate kwa mbali. Nilivua viatu, nikapitisha kiganja juu ya godoro kama ninavyofanya kwa kila godoro, maana sponji humkumbuka aliyeilalia. Ukingoni ilikuwa imebonyea hadi nikagusa mbao za kitanda, umbo la mtu mwembamba aliyelala ubavu. Ukutani ilikuwa imesimama imara, kitambaa bado kijani, kama siku niliyoishona. Miaka yote ile alikuwa na kitanda kizima peke yake.

"Imechoka?" aliuliza Gervasi kutoka nje.

"Upande mmoja tu," nilimjibu.

Nilimsikia akiiweka nyundo chini kwenye bati. "Basi funga," alisema. "Wageni watalala mbele. Watakunja magoti."